Kwaya Yaimba Pamoja na Nani?

Wapenzi wasikilizaji wa Masisi na Walikale, leo twafundishana juu ya kuimba katika Misa.

Pengine mmeona jambo hili: kwaya ina mavazi mazuri, ina ngoma na kinanda, tena yaleta wimbo mpya kila Dominika. Lakini wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni, wananyamaza tangu mwanzo hata mwisho, kwa maana wimbo hawaujui. Wamekuja kusali, nao wamegeuka watazamaji.

Swali: Je, yafaa kwaya iimbe peke yake nyimbo zote za Misa?

Jibu: Haifai. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwaya zisitawishwe, na waamini wote washiriki katika kuimba. Tena maagizo ya Roma ya mwaka 1967 yaikataa desturi ya kuiachia kwaya nyimbo zote na kuwanyima watu sehemu yao. Basi, kwaya haikuondolewa. Ilipewa kazi ya kuongoza.

Hekima hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1956, huko Walikale, Bwana Candi Rureke, Mnyanga, alisimulia na kuimba hadithi ya Mwindo kwa siku 12; ikaandikwa, ikachapishwa kitabu mwaka 1969. Yeye alitangulia, vijana walipiga fimbo kavu kwa mapigo na kuitikia. Mwimbaji hodari hakuwanyang'anya wenzake sauti.

Mwongoza kwaya na afanye vivyo hivyo. Kwanza, achague kiitikio kifupi, akifundishe watu kabla ya Misa, wala asikibadili upesi. Pili, asianzishe wimbo juu mno: sauti ambayo kijana huifikia kwa shida, mzee hataifikia kabisa. Tatu, alinde neno. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Twasema "Mwokozi" tukikaza "ko". Wimbo uliotoka Ulaya ukikaza "zi", neno limevunjika. Na katika Kihunde na Kinyanga, sauti ikipanda au ikishuka yaweza kugeuza maana. Basi wimbo ufuate lugha. Nne, wakati wa kiitikio awageukie watu, mkono wake uwaite wao.

Kwa nini tujisumbue hivi? Tangu mwaka 1993 vita vimewatawanya watu wetu mara nyingi. Katika shirika moja huketi mwenyeji na mkimbizi, wenye lugha mbalimbali, pengine wenye kuogopana. Mkimbizi aliyefika jana hazijui nyimbo za kwaya, lakini kiitikio kifupi aweza kukishika leo hii. Wimbo peke yake hauondoi vita. Lakini anayeimba na jirani yake hana budi kumsikiliza, na kuvuta pumzi pamoja naye. Aliyenyamazishwa hata kanisani, atajiona wa nyumbani wapi?

Kazi ya juma hili: viongozi wa mashirika na waongoza kwaya, kaeni pamoja, mchague kiitikio kimoja tu. Dominika ijayo msihesabu nyimbo mlizoimba. Hesabuni midomo iliyobaki imefungwa.

Mungu awabariki nyote.