Sayansi Chini ya Nyiragongo



Nimeombwa nieleze utafiti wa kisayansi ni kitu gani. Sina haja ya kwenda Ugiriki ya kale. Mlima Nyiragongo huo hapo, mita 3,470, nao una kesi yake.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaja kusimama Buhene, mlangoni mwa Goma. Watu wapatao 30 walipoteza maisha. Lawama zikawaangukia wanasayansi wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma: mbona hawakutuambia?

Wafiwa wana haki ya kuuliza. Ila lazima tujue kwanza wataalamu walikuwa wanasubiri nini. Katika mlipuko wa mwaka 2002 mitetemeko ilitangulia. Mkongo mwenzetu, Dieudonné Wafula, aliisoma akaonya, ingawa vifaa alivyokuwa navyo vilikuwa haba mno. Tarehe 17 Januari lava ikapita katikati ya mji. Tangu hapo ikaaminika kwamba mlima huu hubisha hodi kabla ya kuingia. Dhana hiyo ilikuwa na msingi, lakini ilibaki dhana. Rekodi za 2021 zilipochambuliwa na kundi la Delphine Smittarello, katika makala iliyotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Nature, dalili za wazi zilionekana kuanza dakika 40 hivi tu kabla ya mlipuko. Dhana ikaanguka. Kwangu mimi sayansi ndiyo hiyo: kusema jambo kwa namna ambayo kipimo kinaweza kukuumbua, halafu ukubali kuumbuka.

Na kupima kwenyewe si lelemama. Kipima-mitetemeko hakichagui. Lori la makaa likipita, mstari unatikisika. Upepo ukivuma juu ya miti, unatikisika. Mwamba ukipasuka chini kabisa, unatikisika vilevile. Mtafiti anakesha akitenganisha lori na mlima, siku baada ya siku, nyingi zikiwa hazina habari yoyote. Bila siku hizo kavu hatajua siku ya hatari inafananaje.

Wakulima wa huku nao hutazama. Mazuku, yale mabonde yanayoua mbuzi asubuhi, waliyajua kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Mtaalamu aliongeza kipimo: ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, hutuama mahali pa chini. Ujuzi huo ni mmoja, umeandikwa kwa mikono miwili.

Sasa niseme linaloniudhi. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilikaa miezi kadhaa bila hata intaneti ya kupokea data za vituo vya mlimani. Kushindwa kutabiri si aibu ya sayansi. Kuacha kupima ni aibu, na hiyo si ya wanasayansi. Huenda data kamili isingetupa zaidi ya hizo dakika 40. Lakini dakika 40 zinatosha kuwatoa watoto nyumbani, kama king'ora kipo na njia inajulikana.

Kwa hiyo naomba, kwa yeyote anayeshika mfuko wa umma: walipeni wanaokesha na mitambo, tena kila mwezi, hata mwaka ambao mlima umelala.