Bustani ya Gunia kwa Mwenye Ua Mdogo
Maelezo ya afisa ugani mbele ya mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumze na wale wasio na shamba. Tumezoea kudhani kwamba kwetu kila mtu ana ardhi, kwa kuwa tunaitazama migomba na mahindi ya milimani. Lakini yuko mama aliyepanga chumba kimoja Sirari au Nyamongo, na yuko kijana wa Mugumu ambaye ua wake wote ni hatua nne kwa sita. Watu hawa hununua mboga kila siku iendayo kwa Mungu, na kiangazi kikishika, fungu hupungua ilhali bei hupanda. Wa kwanza kuikosa mboga ni mjamzito na mtoto mdogo, ambao ndio wanaohitaji zaidi madini ya chuma na vitamini A zilizomo katika majani mabichi.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, vyakula vilikuwa adimu na ghali katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia wakazi kupanda sukuma wiki katika magunia, mlangoni mwa nyumba zao. Ikiwa Kibera palipatikana nafasi, kwetu haikosekani.

Chukueni gunia la kilo 100. Changanyeni udongo mweusi wa juu sehemu mbili na samadi iliyooza sawasawa sehemu moja. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongezeni mchanga. Kisha tafuteni kopo kubwa lililotobolewa juu na chini. Lisimamisheni katikati ya gunia, jazeni kokoto ndani yake, zungusheni udongo nje yake, halafu livuteni juu taratibu na kujaza tena, hadi gunia lijae. Mwisho wa kazi kopo hutoka, na katikati husalia nguzo ya mawe. Hiyo nguzo ndiyo koo la bustani: maji humwagwa juu yake, nayo huyagawa hadi chini.

Mwaka wangu wa kwanza niliidharau nguzo hiyo. Niliona ni usumbufu, nikajaza udongo mtupu. Maji yalituama juu kama dimbwi, miche ya juu ikaoza, na ile ya chini ikakauka kwa kiu. Mke wangu alinikumbusha kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine.

Gunia likijaa, limwagilieni na kuliacha siku mbili tatu lishuke. Ndipo mtoboe matundu ubavuni, kila moja likiwa mbali na jingine kiasi cha shibiri moja, kwa kupishana. Pandikizeni miche ya sukuma wiki iliyokaa kitaluni wiki tatu au nne. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40. Juu pandeni mchicha, mnavu, mgagani au kitunguu. Liwekeni mahali penye jua walau nusu ya siku, mbali kidogo na ukuta wa udongo ili unyevu usiubomoe, na mchague mahali hapo kabla ya kujaza, kwa maana likishajaa halihamishiki. Adui mkubwa kuliko vidukari ni kuku na mbuzi. Zungushieni miiba au wavu.

Sasa nasema jambo ambalo naomba lisikilizwe kwa makini, hasa na ndugu zetu wa maeneo ya dhahabu. Msichote udongo mahali panapooshewa au kuchenjuliwa dhahabu. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo haionekani katika udongo, wala haiondoki kwa kuosha majani. Kadhalika, msitumie mawe yatokayo katika vifusi vya migodi kwa ajili ya nguzo, kwani baadhi yake hutoa tindikali na madini mazito yakinyeshewa. Okoteni kokoto kwingine, hata kama ni mbali. Gunia au ndoo iliyobeba dawa ya mifugo au ya pamba nayo isitumike, hata ikioshwa mara kumi.

Kuhusu maji, nisiwadanganye: gunia hunywa. Anayenunua maji kwa ndoo wakati wa kiangazi aanze na magunia mawili, asiige jirani mwenye kisima. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya sabuni nyingi hayafai. Na gunia la plastiki hupasuka kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, basi wekeni akiba ya jingine.

Wenzetu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ambao mahindi yao huliwa na tembo, wasitarajie gunia lifidie shamba. Halitoi ugali, hutoa kitoweo, karibu na mlango, ambako mtu anaweza kukilinda.

Nyuma ya ofisi ya kata kuna gunia, kopo na lundo la kokoto. Atakayependa tujaze pamoja asiondoke baada ya kikao. Tunahitaji mwenye jembe.