Mali Bila Daftari

Leo tunazungumza na wewe mwenye duka, kinyozi au mwenye kibanda cha mboga pale Ngoingwa, mjini Thika. Unafungua alfajiri, unafunga usiku, lakini mwisho wa mwezi hujui faida ilikwenda wapi. Tatizo liko wapi?

Kwanza, pesa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andika mauzo, matumizi na madeni. Pesa za biashara zisikae pamoja na za nyumbani. Pokea malipo ya wateja kwa Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara. Kisha jilipe kiasi maalumu, kama unavyomlipa kibarua. Unga ukiisha nyumbani, usichomoe noti kwenye droo ya duka.

Pili, tarehe. Weka kalenda ukutani. Anayelipa ushuru wa mauzo hutakiwa kuuwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ritani ya mwaka mwisho wake ni Juni 30. Kibali cha kaunti ya Kiambu nacho kina muda wake. Ukijua mapema, hutakimbizana na faini.

Tatu, mwili wako. Chagua saa ya kufunga na uiheshimu. Tenga siku moja ya ibada, watoto na usingizi. Duka likifungwa Jumapili, mteja atarudi Jumatatu. Wewe ukilazwa hospitalini, nani atafungua?

Leo jioni, kabla hujashusha mlango, nunua daftari. Anza na ukurasa mmoja.