Kikaragosi Kigombane na Okestra: Mada Kuhusu Baleti za Tashtiti



Mada yangu inahusu onyesho ambalo wengi wetu tumeliona kwenye skrini tu: baleti ya kisasa yenye kejeli, inayochezwa kwa vikaragosi huku okestra ya simfoni ikipiga muziki papo hapo. Nina hoja moja ya kutetea. Fedha na vifaa vinasumbua kweli, lakini sivyo vinavyoua onyesho la aina hii. Linakufa pale kikaragosi kinapoufuata muziki kwa utiifu. Tashtiti huanza viwili hivyo vinapogombana.

Aliyeliona jambo hilo mapema ni mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Kazi yake Petrushka ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, katika ukumbi wa Théâtre du Châtelet, tarehe 13 Juni 1911, na kampuni ya Ballets Russes ya Sergei Diaghilev. Kabla haijawa baleti, ilikuwa kipande cha piano na okestra. Stravinsky mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipokuwa akikitunga alikuwa na picha akilini ya kikaragosi kilichopata uhai ghafla, kikawa kinaichokoza okestra kwa noti zinazoporomoka mfululizo, mpaka okestra ikakasirika na kukijibu kwa tarumbeta. Diaghilev alipokisikia kipande hicho akamshawishi akigeuze kuwa baleti. Kwa hiyo ugomvi ulikuwapo kabla ya hadithi, kabla ya mavazi, kabla ya mchezaji hata mmoja. Umo ndani ya noti zenyewe: Do kuu na Fa diezi kuu zinapigwa kwa pamoja, nazo haziivi chungu kimoja.

Petrushka wa asili hakutoka kwenye kumbi za matajiri. Alikuwa kikaragosi cha mkononi katika masoko na sherehe za Urusi, mwenye rungu, na mwenye sauti ya kukwaruza iliyotoka kwenye kifaa kidogo ambacho mchezeshaji alikiweka mdomoni. Aliwachapa daktari, mfanyabiashara na polisi, na watu wakacheka. Stravinsky na mchoraji Alexandre Benois walimgeuza kuwa mnyonge anayeteseka kwa mapenzi, lakini kejeli hawakuitupa. Angalieni mwisho wake. Petrushka anauawa mbele ya umati, polisi anaitwa, na mwenye vikaragosi anamtuliza kwa kuinua maiti na kuitikisa: ni vumbi la mbao na matambara tu, afande. Dola imeitwa kuchunguza mauaji, imekabidhiwa mwanasesere. Halafu mzimu wa Petrushka unatokea juu ya kibanda na kumdhihaki bwana wake, huku tarumbeta zikilia.

Hata hivyo, mwaka 1911 vikaragosi hivyo vilichezwa na binadamu, Petrushka akiwa Vaslav Nijinsky. Vikaragosi vya kweli vililetwa na waongozaji wa baadaye. Mwaka 2001 Basil Twist alitengeneza Petrushka ya vikaragosi kwa ajili ya Lincoln Center mjini New York, muziki ukipigwa kwa piano mbili. Mwaka 2013 Doug Fitch alishirikiana na New York Philharmonic, chini ya kondakta Alan Gilbert, katika onyesho lililoitwa A Dancer's Dream. Humo Petrushka ilichezwa kwa vikaragosi, wachezaji wa baleti na vijisanamu vidogo vilivyopigwa picha na kamera jukwaani na kuonyeshwa hapo hapo kwenye skrini kubwa.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kikaragosi cha mtindo wa bunraku wa Japani, ambao Twist aliutumia, huchezeshwa na watu watatu: mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Watatu hao hawahesabu kwa sauti. Wanafuata pumzi ya mkuu wao. Okestra nayo huanza kwa pumzi, kwani ule mkono wa kondakta unaopanda kabla ya noti ya kwanza si kitu kingine. Sasa mchezeshaji amevaa kofia nyeusi, ameinama nyuma ya kikaragosi, na kondakta yuko kwenye shimo la okestra au mgongoni kwake. Bila skrini ndogo inayomwonyesha kondakta, pumzi hizo mbili hazitakutana. Isitoshe, mkono wa mti una uzito. Ukisubiri usikie noti ndipo uunyanyue, umeshachelewa, na watazamaji wataona kikaragosi kinachoburutwa na muziki. Mwendo uanze kwenye pumzi ili utue kwenye noti. Ndiyo maana nasema wachezesha vikaragosi wafundishwe kusoma noti, au angalau kuhesabu vipimo, na wakae na kondakta tangu wiki ya kwanza. Mazoea ya kufanya mazoezi kwa muziki wa kurekodiwa na kumleta kondakta siku mbili kabla ya onyesho ni ya kuachwa. Rekodi haipumui, na kondakta hapigi kasi ileile kila usiku.

Kuna kicheko pia. Mchekeshaji akiwa peke yake husubiri watu wamalize kucheka. Okestra ya watu 80 haisubiri. Utani mzuri ukitua katikati ya kifungu chenye kasi, kicheko kitafunika utani unaofuata, na muziki utakuwa umeshapita. Stravinsky aliacha nafasi: kati ya sehemu moja ya Petrushka na nyingine ngoma ndogo hupigwa mfululizo, na kondakta anaweza kuirefusha mpaka jukwaa litulie. Mtunzi wa baleti ya kejeli ajenge milango kama hiyo ndani ya noti zake, kwa vipimo vinavyoweza kurudiwa kwa ishara ya kondakta.

Mambo madogo nayapitia haraka: taa za wanamuziki humwaga mwanga na kumfichua mchezeshaji, viungo vya mti hugonga wakati violini zinanong'ona, na kitambaa kigumu huchakarika. Vyote hutibika mapema, havitibiki usiku wa kwanza.

Mfano wa pili ni Parade, tarehe 18 Mei 1917, katika ukumbi uleule wa Châtelet. Muziki ni wa Erik Satie, hadithi ya Jean Cocteau, mavazi ya Pablo Picasso, na wachezaji walielekezwa na Léonide Massine. Inawakejeli mameneja wa burudani wanaopiga kelele nje ya kibanda kuvutia wateja, mpaka wateja wanadhani kelele hizo ndizo onyesho. Picasso aliwafungia mameneja ndani ya majengo ya kuvaa yenye urefu wa kama mita 3, wakawa vikaragosi wenye binadamu tumboni. Katika okestra zikaingizwa mashine ya kuchapa, king'ora na mlio wa bastola. Meneja mmoja alipangwa awe sanamu juu ya farasi aliyechezwa na watu wawili. Sanamu ikawa inaanguka mazoezini, ikaondolewa, farasi akabaki akicheza peke yake bila muziki wowote. Mimi naona ni bahati njema: baada ya kelele zote zile, ukimya wa okestra nao ukawa kejeli. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikiendelea na watazamaji wengi walikasirika. Satie alimwandikia mhakiki mmoja kadi za matusi, akahukumiwa kifungo cha siku 8, ingawa mwishowe hakuingia gerezani.

Lakini ndugu zangu, tashtiti inamlenga nani? Katika Petrushka yumo Mwafrika, yule wanayemwita Mmoor, ambaye kwa miaka mingi alichezwa na Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Analala chali akichezea nazi. Anaipiga kwa upanga, haipasuki, basi anaiangukia na kuisujudia. Mtu wa pwani, aliyekunia nazi tangu utotoni, ataitazama sehemu hiyo kwa mshangao, kisha kwa hasira. Muziki ni wa hali ya juu, ila kejeli ile inamponda aliye chini. Hapo ndipo kikaragosi kinapomzidi mchezaji wa baleti: uso wake unachongwa upya bila kugusa noti hata moja. Mchonge bwenyenye aliyeshindwa kupasua nazi na kuamua kuiabudu, na kifungu kilekile cha okestra kitamcheka yeye. Kuijenga upya kazi ya Stravinsky kwa macho yetu kunawezekana: Janni Younge wa Afrika Kusini, aliyewahi kufanya kazi na Handspring Puppet Company, mwaka 2016 alichukua The Firebird ya Stravinsky huyohuyo akaijengea hadithi ya nchi yake kwa wachezaji na vikaragosi vikubwa, akaipeleka Marekani mbele ya okestra kama Los Angeles Philharmonic.

Tusijidanganye kwamba uso wa mti ni kinga: dola inayoadhibu kejeli ya wachezaji wa kawaida haitamsamehe mchezesha vikaragosi. Dmitri Shostakovich alitunga baleti ya kejeli The Bolt, kuhusu mlevi anayehujumu mashine kiwandani. Ilionyeshwa Leningrad tarehe 8 Aprili 1931, mara moja tu, ikaondolewa. The Bright Stream ya mwaka 1935 ilishambuliwa na gazeti la Pravda Februari 1936, na mmoja wa walioandika hadithi yake, Adrian Piotrovsky, aliuawa na dola mwaka 1937. Na hapa kwetu kikaragosi hakimfichi mtu: The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha televisheni, ilianza Kenya mwaka 2009, wazo la mchora katuni Gado, Mtanzania, akiiga mfano wa Les Guignols de l'info ya Ufaransa. Ilionyesha kwamba mtazamaji wetu anamtambua mkubwa wake ndani ya mpira na sponji bila kutajiwa jina.

Ombi langu kwa wakuu wa vikundi waliopo hapa ni dogo. Msianze na okestra nzima. Noti za Petrushka za mwaka 1911 zinadai filimbi 4 na vinubi 2, na hata zile Stravinsky alizozipunguza mwaka 1947 ni mzigo mzito. Twist alitosheka na piano mbili. Tafuteni mtunzi mmoja, wapiga ala wachache na wachezeshaji watatu wa kikaragosi kimoja, muwaweke chumba kimoja na kondakta kuanzia siku ya kwanza, na mtunzi asiandike noti ya mwisho mpaka awe ameona kikaragosi kikikataa kumtii.