Jina la Mtu Mlangoni pa Ofisi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masasi)



Mmetutaka tuseme machache juu ya heshima ya mtu. Twashukuru, ingawa twaona haya kidogo, maana neno hili likisemwa kwa makarani hutugusa sisi tulio nyuma ya meza kabla ya kumgusa mwingine.

Mji huu wa Masasi una sababu ya kulijua neno hili kuliko miji mingi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa kutoka Unguja kwa njia ya Lindi, pamoja na watu waliotolewa utumwani. Safari yao ilikuwa ya kwenda nchi za Ziwa Nyasa. Lakini walipoiona nchi hii ya majabali waliipenda, wakakaa. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakakishambulia kijiji chao, na baadhi yao wakachukuliwa mateka. Fikirini, mabwana: mtu aliyekwisha kufunguliwa, afungwe mara ya pili!

Katika watoto waliokombolewa zamani zile alikuwako Cecil Majaliwa, Myao. Alisomeshwa Kiungani, Unguja, na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika misioni ya UMCA. Alitumwa Chitangali, pande za Newala, akawafundisha watu huru pamoja na jumbe wao. Aliyekuwa na bei sokoni sasa aliwabatiza waungwana.

Wakristo twafundishwa kwamba mtu aliumbwa kwa sura ya Mungu. Ndugu zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba Mungu amewatukuza wana wa Adamu. Hatukuja kushindana kwa vitabu. Martin Kayamba, naye mwanafunzi wa Kiungani, alipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Tanga mwaka 1922, aliwakusanya wa dini zote mbili. Na mwaka ule ule wa 1922 ndipo sheria ya Tanganyika ilipoufuta utumwa. Basi wazee wetu makarani walianza kudai heshima kwa wakubwa wao mwaka ule ambao mtumwa wa mwisho alipewa kwa sheria haki ya kujiita mtu huru. Jambo hili hatulisemi mara nyingi katika mikutano yetu.

Sasa tutaje la aibu. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, mzee mmoja alishuka kutoka uwanda wa Newala kwa habari ya shamba lake la mikorosho. Uso wake ulikuwa na chale za kimakonde za zamani. Mmoja wetu alikuwa na karatasi yake mezani, na jina limeandikwa vizuri, lake na la baba yake. Hakulisoma. Alitazama zile chale, akaita kwa sauti: “Wewe Mmawia!” Watu wakacheka. Mzee hakuinuka. Akaitwa tena vivyo hivyo, mara ya tatu pia, kisha karatasi ikawekwa chini ya nyingine.

Jioni, mlango ulipokuwa ukifungwa, mzee angali amekaa kwenye benchi. Alipoulizwa kwa nini hakuitika, alijibu kwa upole: “Bwana, tangu asubuhi nimesikiliza, sikusikia jina langu.” Akachukua fimbo yake akaenda zake. Hata leo hajarudi.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana mama yake, na kwa hiyo aliyefanya hivyo alijiona hana kosa. Hata sisi tuliokuwapo tulicheka.

Twaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, kila aingiaye ofisini aitwe kwa jina lililoandikwa, na aliyetangulia kufika atangulie kusikilizwa, awe amevaa viatu au hana. Pili, wachaguliwe wanachama wawili wapande Newala wiki hii na ile karatasi, wamtafute mzee kwake, wamwombe radhi, kisha shauri lake la shamba limalizwe. Nauli yao tumekwisha kuichanga. Iko kwa Bwana Mweka Hazina.