Sindano ya Kulegeza Taya: Tuulize Kabla ya Kutoa Mkopo

Tuseme mwanakikundi alivunjika meno kwa ajali ya bodaboda, akapandikiziwa jino. Sasa anaomba mkopo wa sindano za kulegeza taya. Mtampa?

Jino la kupandikizwa ni skrubu ya titani ndani ya mfupa, na jino juu yake. Daktari Brånemark wa Uswidi alimwekea mtu wa kwanza mwaka 1965. Jino la kuzaliwa limeshikwa na nyuzi laini zinazopunguza kishindo na kukuonya, "Polepole, hapa kuna jiwe!" Skrubu haina nyuzi hizo. Anayesaga meno usingizini anaweza kulegeza skrubu au kuvunja jino. Mwenyewe hajui, mwulizeni mke wake.

Dawa ya sindano inaitwa botulini. Ni sumu ya kijidudu, ileile inayoua watu kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya mkebeni, ila kipimo ni kidogo sana. Kijidudu hicho ni ndugu wa kile cha pepopunda. Mmoja hukaza taya, mwingine hulegeza! Wazee wetu Waluhya na Wajaluo waling'oa meno ya mbele ya chini, na sababu moja iliyotajwa ni hiyo pepopunda: taya likifunga, uji upite penye pengo.

Ikichomwa kwenye msuli wa shavu, msuli hupungua nguvu baada ya siku chache. Lakini baada ya miezi 3 au 4 nguvu zinarudi, na unalipa tena. Hapo ndipo mkopo unageuka donda. Tena wataalamu bado wanabishana kama kweli inaokoa skrubu, na wengine wanahofia mfupa wa taya utakonda.

Mimi ningeanza na kile kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kilichotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako. Daktari pia aangalie kama jino jipya limezidi wenzake kimo. Kulikwangua kidogo si kazi kubwa.

Akiamua sindano, basi asichomwe saluni. Daktari awe amesajiliwa na baraza, KMPDC, na leseni ni ya kila mwaka: ombeni kuiona. Mjamzito asichomwe, wala mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Na akishachomwa akashindwa kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali usiku huohuo, asingoje kliniki ya Jumatatu.