Mkia Mfupi na Hesabu Yake



Leo tuongee kidogo juu ya wale panya wadogo wanaofugwa kizimbani, hasa wenye mkia mfupi. Mfugaji akipata dume na jike wa namna hiyo, huwaweka pamoja akitumaini watoto wote watafanana nao. Lakini sivyo inavyokuwa.

Mwaka 1927, huko Paris, Ufaransa, mama mmoja mtaalamu, Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa, alieleza habari za ukoo mmoja wa panya hawa. Ufupi wa mkia ulirithiwa, lakini mtoto aliyeurithi kwa baba na kwa mama pia hakuishi.

Tutumie maharagwe ili tuelewe. Haragwe jekundu ni mkia mfupi, jeupe ni mkia mrefu. Kila panya ana mawili, moja la baba na moja la mama. Hawa wazazi wetu wa mkia mfupi, kila mmoja ana jekundu moja na jeupe moja. Tuseme jike ametunga watoto 8. Kwa wastani, 4 watapata jekundu na jeupe: mkia mfupi. Wengine 2 watapata meupe mawili: mkia mrefu. Na 2 watapata mekundu mawili. Hao hufia tumboni, karibu siku ya 10, na mimba yenyewe ni ya siku kama 20. Mwili wa mama huwamaliza humo humo. Wewe unaona watoto 6 tu.

Hapo ndipo jike hulaumiwa: "Huyu hazai vizuri, tumtoe." Kumbe hana kosa! Nusu ya hasara ililetwa na dume.

Basi tufanye nini?

1. Wa mkia mfupi apandishwe na wa mkia mrefu. Nusu ya watoto watakuwa na mkia mfupi, na hakuna atakayekufa kwa sababu hii.

2. Tuandike kwenye daftari: wazazi, tarehe, idadi ya watoto na mikia yao.

3. Tuchunguze kwanza. Mkia uliokatwa na mlango wa kizimba haurithiwi.

Tena tukumbuke, panya hutumia mkia kujisawazisha akipanda, na kupunguza joto la mwili. Kwa hiyo tujiulize: ufupi huu unamfaa mnyama, ama unapendeza macho yetu tu?